Kutoka Riwaya hadi Skripti: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Nairobi

Ukishachapisha riwaya moja au mbili na filamu ikaanza kukuita, wazo la kwanza huwa ni kuigeuza riwaya yako iwe skripti, uipeleke kwa prodyuza Kilimani au Lavington, kisha ukae karibu na simu. Mimi nakushauri uiache kwanza. Riwaya yako iwe kazi yako ya tatu au ya nne ya filamu. Kwa sasa unaipenda mno kuweza kuikata, na imejaa mambo ambayo kwenye karatasi hayagharimu chochote lakini mbele ya kamera yanakula mamilioni: mafuriko, harusi ya watu mia tatu, Nairobi ya mwaka 1954.

Waliotangulia walipita hivyo hivyo. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa tayari mwandishi mwenye jina alipokwenda Moscow mwaka 1962 kusomea filamu, umri wake ukikaribia miaka 40. Alitaka kuwafikia watu wa kwao ambao vitabu vyake vya Kifaransa havikuwafikia. Mkononi alikuwa na riwaya kubwa kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli, iliyotoka 1960. Hakuianzia. Filamu yake ndefu ya kwanza, ya 1966, ilitokana na hadithi fupi aliyoiandika mwenyewe. Hata Rafiki (2018), filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, ilitoka kwenye hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko. Na Billy Kahora, aliyejulikana kwa hadithi zake na uhariri wa jarida la Kwani?, aliandika skripti ya Soul Boy (2010), filamu ya saa moja hivi iliyopigwa Kibera, kisha akawa mmoja wa waandishi kadhaa wa Nairobi Half Life (2012). Kwanza kitu kifupi cha mtaa mmoja, halafu kazi ya pamoja. Mpangilio huo ndio nitakaoufuata.

Hatua ya kwanza: toa mkataba wa riwaya kabatini

Kabla hujaandika ukurasa wowote wa skripti, usome mkataba uliosaini na mchapishaji wako. Tafuta kifungu cha haki tanzu. Huko ndiko kwenye maneno kuhusu tafsiri, redio, jukwaa, televisheni na filamu. Waandishi wengi wa vitabu vya hapa walisaini mkataba uliochapwa tayari, akili zao zikiwa kwenye asilimia ya mrabaha na ndoto ya kuteuliwa kitabu cha lazima shuleni. Haki za filamu walizipita juu juu.

Utakuta moja ya mambo matatu. Haki za filamu ni zako zote: vizuri. Mchapishaji anazo na mtagawana mapato: bado unaweza kufanya kazi, ila hutasaini chochote na prodyuza bila barua yake. Au mkataba haujataja filamu kabisa: mwandikie mchapishaji barua fupi ya heshima akuthibitishie kwa maandishi kwamba haki hizo zimebaki kwako. Fanya hivyo leo, wakati hakuna pesa mezani. Zikishakuja, barua ile ile inaweza kuchukua mwaka.

Hatua ya pili: ivunje filamu ya mtu mwingine

Chagua filamu moja ya Kenya ya dakika tisini hivi, ambayo ungetamani iwe yako. Itazame mara moja kwa raha. Mara ya pili shika kalamu, na kila onyesho likianza, andika mstari mmoja: tuko wapi, nani anataka nini, nini kimebadilika onyesho linapoisha. Kama hakuna kilichobadilika, andika hivyo pia.

Ukimaliza utakuwa na kurasa chache za mistari mifupi, na utaona mifupa ya kitu kizima. Utashangaa jinsi mazungumzo yalivyo machache. Utaona pia kwamba onyesho huanza mtu akiwa tayari ndani ya ugomvi, si akibisha hodi. Sisi wa riwaya tunapenda hodi. Rudia zoezi hili kwa filamu mbili nyingine na episodi kadhaa za tamthilia ya televisheni, maana mifupa ya televisheni ni tofauti: episodi inakatwa na matangazo, na kabla ya kila tangazo lazima kuwe na jambo la kumzuia mtazamaji asishike rimoti.

Hatua ya tatu: toa moyoni, weka mkononi

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua aya kama hii, ya aina ambayo sote tumeiandika:

Halima alijua kwa muda sasa kwamba mumewe haendi kazini. Hakuwa na ushahidi, ila moyo ulimwambia. Alikumbuka jinsi babake alivyoachishwa kazi ya reli na bado akavaa sare kila asubuhi kwa miezi mingi. Aibu ile ya utotoni ikamrudia. Akaamua asiseme neno.

Kama aya ya riwaya, haina neno. Sasa jiulize kamera itaona nini. Alijua: haionekani. Moyo ulimwambia: hausikiki. Alikumbuka, aibu, akaamua: hakuna hata kimoja cha kupiga picha. Njia ya mkato ni kumpa Halima shoga yake wa kumweleza yote haya kwa maneno, na ndiyo njia inayoua skripti nyingi za watu wa riwaya. Tujaribu hivi:

NDANI. CHUMBA CHA HALIMA, KAYOLE – USIKU

Juma, miaka 40, anavua ovaroli ya mjengo na kumpa mkewe. Anavuta stuli, anakaa kwenye meza yenye sufuria ya ugali.

HALIMA
Leo mmemwaga slabu?

JUMA
Tumemaliza saa kumi. Kazi ilikuwa mingi.

Halima anachuchumaa kwenye karai, anachovya ovaroli, anaisugua. Anaikamua. Anatazama ndani ya karai. Maji ni maangavu, hakuna saruji, hakuna vumbi.

Anatupa macho kwa Juma. Juma anakula.

Anaichovya tena, anasugua kwa nguvu zaidi.

HALIMA
Kesho nikuamshe saa ngapi, Baba Zawadi?

JUMA
Saa kumi na moja.

Maji ya kwenye karai yamebeba kazi ya aya nzima. Halima hajasema anajua, na swali lake la mwisho ndilo uamuzi wake: ameamua kuushiriki uongo. Babake wa reli amekwenda wapi? Hayumo. Ukitaka, mwandikie mwigizaji ukurasa mmoja wa historia ya Halima, aubebe kichwani wakati wa kufua. Mtazamaji hauhitaji.

Sasa angalia onyesho linalotangulia. Kama tumemwona Juma mchana akiwa amekaa bustani ya Jevanjee katikati ya jiji, ovaroli imekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi, akisikiliza watu wanaobishana siasa, basi mtazamaji anaingia chumbani Kayole akijua asichojua Halima, na anaogopa lile karai kabla halijaguswa. Tukiliondoa onyesho la Jevanjee, mtazamaji anagundua pamoja na Halima. Maneno hayajabadilika, ila hadithi imekuwa nyingine. Mwandishi wa skripti hutumia muda mwingi kwenye uamuzi wa namna hii kuliko kwenye sentensi.

Chukua aya kumi za riwaya yako zenye alijua, alihisi na alikumbuka, uzifanyie hivi. Ndiyo, hapa riwaya yako inaruhusiwa. Kama uwanja wa mazoezi tu.

Hatua ya nne: umbo la ukurasa

Hili halina siri. Fonti ni Courier ya ukubwa wa 12, na ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Filamu ndefu ni kurasa 90 hadi 110. Kila onyesho lina kichwa kinachosema ndani au nje, mahali, mchana au usiku. Maelezo ni ya wakati uliopo, mafupi, yenye kuonekana na kusikika tu. Programu itakupangia yote hayo: Trelby ni ya bure, Celtx na WriterDuet unaweza kuanza nazo bila malipo, na Final Draft ni ya kununua. Ukiandika kwa programu ya kawaida ya barua, prodyuza atajua kwa kutazama ukurasa wa kwanza, na hatafika wa pili.

Uliza mapema kuhusu lugha. Baadhi ya kampuni za hapa hutaka maelezo yawe ya Kiingereza hata kama wahusika wote wanaongea Kiswahili, kwa sababu mfadhili anayesoma yuko mbali.

Hatua ya tano: kitu kifupi, kisomwe kwa sauti

Andika filamu fupi ya kurasa kumi. Mahali pawili, wahusika watatu, mchana mtupu. Masharti haya usiyaone kama adhabu, kwa kuwa ndiyo yanayofanya kitu kipigwe. Usiku unahitaji taa na jenereta, umati unahitaji chakula, mtaa wa katikati ya jiji unahitaji kibali cha kaunti, na kupiga filamu kwenyewe kunahitaji leseni.

Kisha tafuta waigizaji waisome. Nenda Kenya National Theatre mchana wowote wa mazoezi, mkabala na hoteli ya Norfolk, utakuta vijana wenye vipaji wakisubiri zamu yao. Walipe nauli na chakula cha mchana, wape majukumu, wewe ukae kimya. Usiwaelekeze. Sikiliza wanapojikwaa: mara nyingi ni sentensi sanifu uliyoiweka kinywani mwa mtu asiyeongea hivyo. Manamba wa Kariobangi hasemi “la hasha”. Mfanyabiashara wa Eastleigh ana Kiswahili chake, na shangazi wa Mombasa anayeishi South C ana chake, kilichojaa tafsida kiasi kwamba tusi lake unalifahamu umeshafika nyumbani. Riwaya za Kiswahili zimetufundisha kuwasemesha watu wote kama walimu. Skrini hailivumilii hilo.

Zikishakuwa skripti tatu fupi zilizopita kwenye midomo ya watu, unazo sampuli. Fuatilia matangazo ya Kenya Film Commission, ile tume iliyoundwa 2005 na inayoandaa tuzo za Kalasha, ambazo zina kipengele cha uandishi wa skripti. Docubox, mfuko wa kufadhili filamu, nayo inajulikana zaidi kwa filamu za hali halisi, lakini imewahi kufadhili filamu fupi za kubuni pia. MultiChoice Talent Factory, iliyoanza 2018, iliweka chuo chake cha Afrika Mashariki hapa hapa Nairobi, kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Shule si lazima, ila tukumbuke Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe: baada ya riwaya yake ya 1988 kumpa jina duniani, alikwenda Berlin kukaa darasani na kuanza filamu upya.

Hatua ya sita: chumba cha waandishi

Ajira yenye pesa za kila mwezi iko kwenye tamthilia za jioni, zile za Citizen na za chaneli za Maisha Magic. Piga hesabu: tamthilia inayorushwa Jumatatu hadi Ijumaa mwaka mzima inakula episodi 260. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuziandika. Kwa hiyo kuna chumba, na ndani yake mwandishi mkuu, watu wa hadithi wanaopanga msimu, wiki na episodi, waandishi wanaopewa episodi zao wakaandike mazungumzo, na mhariri anayehakikisha mhusika aliyekufa Jumanne hafungui mlango Alhamisi.

Unaingiaje? Kwa sampuli zako tatu na barua pepe ya mistari mitano kwa mwandishi mkuu, ambaye jina lake liko kwenye orodha ya mwisho ya kila episodi. Mpe sampuli moja tu. Riwaya zako zitaje kwa sentensi moja. Huenda akaanza kwa kukupa episodi ya majaribio, ukae nayo siku tatu.

Ukishaingia, uzoefu wako wa riwaya unasaidia mahali pawili na kuumiza mahali pamoja. Unasaidia kwenye wahusika, maana umezoea kukaa na mtu mmoja kichwani miaka miwili na unajua angefanya nini. Unasaidia pia kwenye Kiswahili chenyewe, hasa tamthilia ikiwa ya pwani: vyumba vya Nairobi vimejaa vijana hodari wa kusuka visa ambao wakifika kwenye mazungumzo ya bi mkubwa wa Kibokoni wanatoa Kiswahili cha mtaa wa Umoja. Hapo wewe ni lulu.

Kinachoumiza ni umiliki. Onyesho lako bora litakatwa kwa sababu mwigizaji amepata ujauzito, au nyumba waliyoikodi imeuzwa, au chaneli imeona watazamaji wanampenda jambazi na sasa lazima aishi. Utakuta mstari wako umebadilishwa pale pale wakipiga picha. Ukinuna, hutaitwa msimu ujao. Watu wanaodumu kwenye vyumba hivi ni wale wanaosema “sawa, basi tufanye hivi” na kuleta wazo la pili kabla chai haijapoa. Binafsi naona hii ndiyo shule bora kuliko zote kwa mtu wa riwaya, na pia naona ni mahali pa kukaa misimu miwili au mitatu, si kumi. Kasi ile inakausha.

Jua pia sheria ya saa. Kanuni za utangazaji za Kenya zinataka vipindi vya kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku viwe vya kutazamwa na familia. Tamthilia ya saa moja jioni haiwezi kuonyesha kinachoruhusiwa baada ya saa nne, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ndiyo inayopanga kazi kwenye madaraja yake: wote, kwa uangalizi wa mzazi, 16 na 18. Uliza kipindi kinarushwa saa ngapi kabla hujaandika kitanda.

Hatua ya saba: sasa ilete riwaya

Sasa umekuwa mtu mwingine, na utaisoma riwaya yako kama kazi ya mtu. Usianze na sura ya kwanza. Ifunge, kisha andika kwa kumbukumbu, kwenye ukurasa mmoja, kilichotokea. Usichokikumbuka, hukihitaji.

Halafu andika sentensi moja: nani, anataka nini, nini kinamzuia, akishindwa atapoteza nini. Ukishindwa kuiandika, riwaya hiyo pengine ni tamthilia ya msimu mzima, si filamu. Inayofuata ni tritimenti, yaani hadithi nzima kwa kurasa tano hadi kumi za wakati uliopo, bila mazungumzo. Hii ndiyo prodyuza atakayoisoma kabla ya skripti, kwa hiyo iandike kwa ufundi wako wote. Ni mahali pekee kwenye kazi hii ambapo nathari nzuri inalipwa.

Kwenye kukata, anza na wahusika. Unganisha wawili wawe mmoja, tena na tena. Mjomba na mwalimu wote wanamshauri kijana? Mjomba awe mwalimu. Punguza vizazi vitatu viwe kimoja na nusu. Na jiandae kwamba ukishaiuza, mwongozaji anaweza kuipeleka usikokutarajia: Carcase for Hounds ya Meja Mwangi, riwaya ya 1974, ilifanywa filamu mwaka 1981 na Mnigeria Ola Balogun, ikapewa jina jingine kabisa.

Hatua ya nane: mkataba

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwandishi hakimiliki ya alichoandika, kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini ina mlango ambao wengi hawauoni: kazi iliyoagizwa na mtu, au iliyofanywa ukiwa mwajiriwa, huhesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake kwa lugha ya River Road: prodyuza akikwambia “niandikie skripti kuhusu matapeli wa mashamba” na mkataba ukanyamaza, skripti ni yake. Kwa episodi za televisheni hilo ni la kawaida, likubali na ulipwe vizuri. Kwa hadithi uliyoibuni wewe, usikubali kimya kimya.

Kwa hiyo iandike kwanza, bila kuagizwa. Isajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Hakimiliki inazaliwa ukishaandika, lakini cheti ni ushahidi mzuri siku ya kesi. Kumbuka kwamba sheria inalinda maandishi, wazo tupu halilindwi. Usiende kusimulia visa vyako kwenye mikutano ya kahawa kabla havijawa kwenye karatasi yenye tarehe.

Kwa riwaya, prodyuza makini hataomba kuinunua mara moja. Ataomba opsheni: anakulipa kiasi kidogo ili kwa muda fulani, tuseme miezi kumi na minane, asiwepo mwingine wa kuigusa wakati yeye anatafuta pesa. Hakikisha muda una mwisho, kiasi cha ununuzi kamili kimetajwa, na haki zinarudi kwako opsheni ikiisha. Opsheni ya shilingi sifuri isiyo na tarehe ni riwaya uliyoitoa sadaka. Uza haki ya filamu pekee. Kitabu, tafsiri, redio na jukwaa vibaki kwako. Uhamishaji wa hakimiliki lazima uwe wa maandishi na uwe na saini yako, kwa hiyo maneno ya simu na ya WhatsApp yasikutie hofu, wala yasikupe matumaini.

Kwa skripti yenyewe, gawa malipo: sehemu ukisaini, sehemu ukitoa rasimu ya kwanza, sehemu kwa rasimu ya pili, na kilichobaki siku ya kwanza ya kupiga picha. Taja idadi ya rasimu. Bila idadi utaandika ya saba kwa pesa za ya pili. Taja jina lako litakavyoonekana kwenye skrini, na nini kitatokea akiletwa mwandishi mwingine baada yako. Mpe mwanasheria anayejua hakimiliki saa moja aisome, kabla ya kusaini.

Usiache kazi yako ya mshahara mwaka wa kwanza. Malipo ya filamu huchelewa hata kwa watu waaminifu, kwa kuwa nao wanasubiri chaneli. Toa ankara siku ile ile unapowasilisha rasimu, iwe na PIN yako ya KRA. Kwenye mrabaha mlipaji atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kama wewe ni mkazi wa Kenya. Mwombe cheti chake, kitokee kwenye akaunti yako ya iTax, la sivyo tarehe 30 Juni ikifika utadaiwa kodi uliyokwisha kukatwa.